Leseni za Baa Zipo, Chumba cha Historia Hakipo

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, nenda Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha nne. Hapo ndipo kazi za kaunti kuhusu utamaduni na burudani zimeorodheshwa. Ya kwanza ni kamari. Inafuata mashindano ya mbio, halafu leseni za vileo, sinema, maonyesho ya video, maktaba, na ya saba ni makumbusho. Wakili atakwambia mpangilio wa orodha hauna uzito wowote kisheria. Sawa. Lakini njoo Nyamache saa moja jioni, halafu uniambie kama kaunti zetu hazikuanza kusoma orodha hiyo kutoka juu zikachokea kwenye vileo.

Kwa ambaye hajawahi kufika: Nyamache iko Bobasi, kaunti ya Kisii, upande wa chai. Ukipanda Probox kutoka Kisii mjini, mkabanwa watu wanane ndani ya gari la watu watano, utajua umekaribia ukisikia harufu ya majani ya chai yakikaushwa kiwandani. Sokoni kuna kila kitu ambacho sheria inaruhusu na vingine ambavyo hairuhusu. Baa zina leseni zao ukutani, ndani ya fremu, zimepigwa muhuri, zimelipiwa mwaka mzima. Nimezunguka mji huu nikitafuta karatasi nyingine ya umma iliyohifadhiwa nyuma ya kioo kwa uangalifu kama huo. Bado natafuta.

Chumba kimoja ambacho mtoto wa hapa anaweza kuingia aone waliomtangulia walikalia nini, walipiga ala gani, walioana vipi, walitibiana vipi, hakipo. Shule ikitaka kuwapeleka watoto makumbusho inakodi basi mpaka Kisumu, zaidi ya kilomita mia moja kwenda tu. Wazazi wasio na pesa za safari, watoto wao wanabaki nyumbani wakichuma chai.

Sina ugomvi na Kisumu. Makumbusho ile ilifunguliwa mwaka 1980 na kitu chake kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa vipimo vyake kamili. Unaingia langoni, unaona nyumba ya mke wa kwanza imekaa wapi, ya pili wapi, mtoto wa kiume anajenga upande gani. Hiyo ni heshima ambayo watu walipewa, na ninawaonea wivu. Tatizo langu ni mtoto wa Bobasi anayerudi nyumbani jioni akiwa na uhakika wa mahali mke wa kwanza wa Mjaluo anapojengewa nyumba, lakini ukimuuliza nyumba ya babu ya babu yake ilipangwa vipi ndani, anakutazama kana kwamba umemuuliza habari za mwezini. Tumemfundisha kwamba historia ni kitu cha watu wengine, unakifuata kwa basi, unapiga selfi, unarudi.

Na nyinyi mnaosoma hapa, wengi wenu mko Nairobi, Nakuru, Mombasa. Najua mnaenda makumbusho. Naona picha zenu. Wikendi moja ni Nairobi National Museum, nyingine ni ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyogeuzwa Nairobi Gallery, halafu chai mahali kwenye mimea mingi. Si vibaya. Lakini wangapi kati yenu mmewahi kuuliza kwenu kuna nini? Kwenu kwenyewe, kule mnakokwenda Desemba na matandiko mapya ya makochi ya mathe.

Kuna neno Nairobi hulitumia kila siku: tukutane Archives. Watu huegemea pale nje, macho kwa simu, wakingoja mwenzao ashuke matatu. Wanaoingia ni wachache. Ndani kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekuwa akikusanya sanaa na vitabu vya Afrika wakati wenzake serikalini wakikusanya mashamba. Kuna pia chumba cha kusomea ambapo unaletewa mafaili ya wakoloni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya historia, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala moja moja. Kadi ya msomaji pale Archives haikuuliza kama nimehitimu. Ndiyo maana najua kidogo kuhusu wilaya yetu, ambayo Waingereza waliiita South Kavirondo, na najua kuhusu Otenyo zaidi ya yale niliyosimuliwa na sokoro.

Hii hapa kwa ufupi, kwa sababu wengi hamkufunzwa. Januari 1908, kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza aliyesimamia Kisii, Geoffry Northcote. Wazee wetu, jina hilo likiwashinda, walimwita Nyarigoti. Anayesimuliwa kumtia Otenyo moyo ni Moraa, mwanamke mganga wa Kitutu, ambaye hakuona sababu ya wanaume kukaa wakitazama ng'ombe zao zikichukuliwa. Northcote hakufa. Kilichofuata ni kikosi cha adhabu: nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa kwa maelfu, watu wenye mikuki wakamiminiwa risasi. Mauaji yalizidi hadi Winston Churchill, wakati huo akiwa waziri mdogo wa makoloni kule London, akaandika kuhoji kwa nini watu wasioweza kujitetea waendelee kuuawa namna ile. Churchill, jamani. Mtu ambaye hakuna Mwafrika aliyemhesabu rafiki.

Otenyo alikamatwa akauawa. Familia yake na wazee wa Gusii wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wanakidai. Northcote yeye aliendelea na kazi yake vizuri tu. Mwaka 1937 alifanywa gavana wa Hong Kong, na huko chuo cha walimu kikapewa jina lake.

Angalia basi nani ameachiwa nini. Aliyechomwa mkuki ana ripoti zake, ana barua, ana faili lenye nambari, ana chuo. Maoni ya Churchill yamehifadhiwa, unaweza kuyasoma. Upande wa waliochomewa nyumba kuna masimulizi ya wazee, na wazee wanaisha. Kila mwaka nikirudi Desemba kuna kiti kimoja kitupu zaidi. Nikiandika "makumbusho" katika makala hii, usifikirie sanamu ya simba amejazwa nyasi. Fikiria mahali ambapo upande wa pili wa faili hilo unaweza kuwekwa.

Sasa ebitinge. Ebitinge ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii aliyeolewa kikamilifu alivaa vifundoni. Hazikuwa urembo tu. Zilitangaza kwamba ng'ombe wa mahari wamefika na sherehe imefanywa, na mwanamke aliyezivaa hakuwa anazivua hivihivi; kuzivua kulikuwa kama kuivunja ndoa yenyewe. Mambo haya yaliandikwa na watafiti wa kigeni, Philip Mayer na baadaye Robert LeVine, waliokuja Gusii miaka ya 1940 na 1950. Vitabu vyao ni rahisi kuvipata Chicago kuliko Nyamache.

Mwaka juzi mama mmoja mzee, jirani yetu, alifariki. Baada ya mazishi watoto wake walisafisha nyumba, na chini ya kitanda, ndani ya kikapu, wakakuta ebitinge za mama yake marehemu. Wiki hiyo hiyo kijana wa vyuma chakavu akapita na mizani yake ya kuning'iniza. Pete zile zilipimwa pamoja na jembe lililovunjika na sufuria iliyotoboka. Pesa iliyotoka ilitosha pakiti mbili za unga na chenji. Nilisikia baadaye, nikiwa Nairobi, kwa simu.

Familia ile siilaumu hata kidogo. Wangezipeleka wapi? Hilo ndilo swali ninalotaka mtu wa kaunti anijibu, na anijibu kwa anwani: mlango upi, siku gani, nani yuko ndani wa kupokea na kuandika. Kwa sababu mtu wa vyuma chakavu ana majibu yote hayo. Anakuja mpaka uani, anapima mbele yako, analipa papo hapo. Na nyuma yake kuna mwingine, mwenye lugha laini zaidi, anayetafuta viti vya miguu mitatu, vibuyu vya maziwa na obokano, ile ala yetu ya nyuzi nane, kwa ajili ya maduka ya vitu vya kale mjini. Huyo analipa vizuri kidogo na haandiki jina la mwenye kitu, kwa sababu jina halimsaidii kuuza.

Hata kisichouzwa kinaharibika. Zamani obokano iliwekwa juu, jikoni, na moshi wa kuni ulikuwa ukiizuia fukusi. Hakuna aliyeita hiyo teknolojia ya uhifadhi, lakini ndiyo ilikuwa. Sasa tumejenga nyumba za mabati na sakafu ya simiti, jiko limetoka nje au limekuwa la gesi, obokano imetupwa stoo na magunia ya mbolea. Huku kwetu mvua haina adabu. Baada ya misimu michache mbao inakuwa unga.

Katika kikao kimoja cha ushirikishaji umma, sitasema cha ofisi gani, nilisimama nikauliza kama kuna hata shilingi moja ya makumbusho kwa upande wetu. Watu wakacheka kidogo. Afisa aliyeongoza kikao akaniuliza, kwa upole kabisa: "Kijana, kati ya dawa hospitalini na vibuyu vya nyanya yako, wewe ungechagua nini?" Ukumbi ukampigia makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa Ekegusii kwamba nimejibiwa.

Sikuwa nimejibiwa. Swali hilo la dawa ni zuri na nalipenda, shida ni kwamba huulizwa sisi peke yetu. Halikuulizwa magari yalipokuwa yakinunuliwa. Haliulizwi wawakilishi wadi kote nchini wanapopanda ndege kwenda kujifunza jinsi nchi nyingine zinavyozoa taka. Haliulizwi mahema, viti na posho za kikao chenyewe tulichokuwa tumekalia siku ile. Dawa huletwa kama ngao pale tu mtu maskini anapoomba kitu kisicho cha tumbo. Halafu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mwisho wa mwaka dawa nazo hazipo, na vibuyu havipo.

Na kama ni hospitali, twende hospitali. Watu wetu walikuwa wapasuaji wa fuvu. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Mtu aliyepigwa rungu kichwani na maumivu yakakataa kuisha alipelekwa kwa omobari, mtaalamu aliyefungua ngozi ya kichwa, akakwangua mfupa kwa ustadi mpaka akaondoa sehemu iliyoharibika, akafunga. Wengi waliishi miaka mingi baadaye. Mwaka 1958 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha makala kuhusu upasuaji huo miongoni mwa Wakisii, na madaktari wa kigeni walizidi kuja kutazama na kuandika. Ujuzi huo ulirithishwa ndani ya familia. Vile vifaa vilikuwa vyuma. Unakumbuka vyuma vinapelekwa wapi. Mtoto wa Nyamache anayeota kuwa daktari wa upasuaji hajui kwamba kwao kazi hiyo ilifanywa kabla ya barabara ya lami, na nawaomba wale waliopiga makofi wanieleze ni hospitali gani inapata hasara mtoto huyo akijua.

Kuna pingamizi la pili ambalo halisemwi vikaoni lakini lina nguvu kuliko la dawa. Kanisa. Gusii ni nchi ya Wasabato na Wakatoliki, na mimi mwenyewe nimelelewa Jumamosi asubuhi kanisani, kwa hiyo nazungumza kutoka ndani. Kwa muda mrefu mtu kuokoka kulikuwa na maana ya kuacha na kutupa: obokano ni ya pombe, ebitinge ni za kipagani, omobari ni mchawi. Wapo mabibi waliovua ebitinge kwa ajili ya ubatizo, wakalia. Sitaki kuwacheka waliofanya hivyo, imani yao ilikuwa ya kweli na iliwagharimu. Lakini sasa tumefika mahali ambapo mtu akikiona kiti cha mababu anauliza kama kimeombewa. Wenye wasiwasi huo waende Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yako ndani ya eneo la parokia. Aliyeyaanzisha, miaka ya 1950 na 1960, ni padri Mkatoliki, David Clement, na kanisa lenyewe limejengwa kwa alama za utawala wa Kisukuma. Ngoma zimekaa hatua chache kutoka altareni na hakuna aliyepagawa. Kama padri mgeni aliona hizo ngoma hazimtishi Mungu, wazee wetu wa kanisa wanaogopa nini?

Pingamizi la tatu ni la rika langu: buda, kila kitu kiko kwa simu, piga picha uweke mtandaoni. Nilikuwa naamini hivyo pia. Halafu mwaka 2021 pakawa na maonyesho Nairobi National Museum, yaliyotokana na mradi wa wasanii na watafiti wa Kenya na Ujerumani, waliokuwa wamehesabu vitu vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho za nje. Walifikisha zaidi ya vitu 32,000, katika taasisi 30. Vyote sasa viko kwenye hifadhidata. Ni kazi kubwa, na inasikitisha pia, kwa sababu unatazama orodha ndefu ya vitu vyenu ambavyo mmeachiwa maandishi yake. Mzungu ana kitu, sisi tuna picha ya kitu. Mtu akiniambia tufanye sisi wenyewe hivyo hivyo na vilivyobaki Bobasi, tupige picha halafu tuviache vioze au viuzwe, naona tunamalizia kazi ya watu wengine.

Tena vitu hurudi, polepole, na vinarudi kwa waliojiandaa. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, zilizochukuliwa alipouawa mwaka 1905, zilirudi mwaka 2006, na leo Nandi Hills kuna makumbusho yenye jina lake. Mwaka 2007 vigango viwili vya Wamijikenda vilirudishwa kutoka Marekani. Kichwa cha Otenyo kikipatikana, kitazikwa; kichwa cha mtu hakiwekwi kabatini, na atakayependekeza hivyo tutakosana. Lakini kikija na karatasi, na mkuki, na picha? Tutaweka kwa ofisi ya chifu, juu ya kabati la vyeti vya kuzaliwa?

Mpaka hapa wasomi wetu wa Nairobi na ng'ambo watakuwa wanatikisa vichwa wakikubali. Sasa niwageukie, kwa sababu nyinyi pia ni tatizo. Mazungumzo ya makumbusho yakianzishwa na nyinyi huruka moja kwa moja hadi kwenye jumba. Mchoro unatolewa, umefanana na kituo cha ndege. Linatakiwa liwe Kisii mjini, liwe na ukumbi wa mikutano, maegesho, mkahawa, na kibao cha shaba chenye jina la atakayekata utepe. Kwa sababu jumba la namna hiyo ni la mamilioni mengi, linangoja mfadhili. Mfadhili anangoja ardhi. Ardhi ina kesi. Wakati huo kijana wa mizani anapita kila Jumanne.

Nendeni Mfangano. Kwenye kisiwa hicho cha Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, Abasuba wana makumbusho ya jamii tangu mwaka 2000 hivi. Ni watu wachache, lugha yao imemezwa na Kijaluo kiasi kwamba wazungumzaji wake ni wa kutafutwa, na kufika kwao kunahitaji boti. Wana michoro ya mapangoni ya kale, wana vitu vyao, wana maelezo yao. Wazo hilo la makumbusho ndogo za amani mikononi mwa jamii zenyewe lilianzia kwa Sultan Somjee, mtafiti aliyekuwa Makumbusho ya Kitaifa, miaka ya 1990. Sisi, kwa sensa ya 2019, kaunti za Kisii na Nyamira pekee zina zaidi ya watu milioni 1.8. Tuna majani chai, tuna maprofesa kila ukoo, tuna harambee za mazishi zinazochangisha laki kadhaa kwa jioni moja. Chumba kimoja kinatushinda?

Nitaje Tabaka pia, maana najua mtu atasema Kisii ina sanaa inayojulikana duniani. Ni kweli. Makao makuu ya UNESCO, Paris, kuna ndege wa jiwe aliyechongwa na Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka. Lakini ukinunua kiboko cha jiwe kule Maasai Market, kigeuze utazame chini. Utaona bei. Jina la aliyekichonga halipo, wala la mama aliyekaa na beseni la maji akikisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, wala la shimo lililotoa jiwe lenyewe. Tumesafirisha mawe kwa vizazi bila kuweka kumbukumbu ya mikono. Siku mtu atakapotaka kuandika historia ya uchongaji wa Tabaka, atakuta majina ya wanunuzi.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo, na ni kigumu kukataa bila kuona aibu. Chumba kimoja Nyamache, kwenye jengo la umma ambalo tayari lipo, lenye paa lisilovuja na mlango unaofungika kwa kufuli mbili. Rafu za mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni. Rejista kubwa yenye jalada gumu, si kompyuta, kompyuta itakuja: nambari ya kitu, tarehe kilipoingia, nani ameleta, kilikuwa cha nani, kiliitwaje kwa Ekegusii, kilitumika vipi, kinaazimwa au kimetolewa. Familia ibaki na haki ya kukichukua kitu chake ikiwa na arusi au mazishi, kisha irudishe. Kinasa sauti kimoja. Maelezo kwa Ekegusii na Kiswahili, Kiingereza kikae chini. Pafunguliwe siku ya soko, siku ambayo watu wapo, na watoto wa shule wasilipe.

Anayeajiriwa awe mtu anayejua kusikiliza wazee. Asiwe mpwa wa mtu.

Na msituletee tena siku ya utamaduni. Ile ya wakina mama kuvalishwa sare, kucheza juani saa nne wakingoja mgeni wa heshima, wakapewa soda na leso, halafu obokano inarudishwa stoo hadi mwaka ujao.

Kwa wale wa Gusii mnaosoma hili mkiwa mjini: sheria inataka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Maoni ya mwananchi yanaweza kuandikwa, na yakiandikwa lazima yapokelewe. Yangu ni kurasa mbili. Nimetaja Jedwali la Nne, nimetaja chumba, nimeweka bei za mbao, kufuli na rejista kama zinavyouzwa Nyamache, na nimeambatisha orodha ya vitu kumi na saba ambavyo mimi mwenyewe nimeviona kwenye nyumba za watu Bobasi na ambavyo bado vipo. Vilikuwa kumi na tisa nilipoanza orodha. Nitaipeleka kwa mkono, na sitaondoka mezani kabla nakala yangu haijapigwa muhuri.